Ndugu yako yuko mahabusu au gerezani: maswali tuliyouliza sisi na majibu tuliyoyapata kwa kuchelewa

Ndugu wana jukwaa,

Mwaka 2021 mdogo wangu, aliyekuwa mtunza ghala katika kampuni moja hapa Dar es Salaam, alikamatwa kwa tuhuma za wizi akiwa mtumishi, akakaa mahabusu miezi saba kabla ya kutoka kwa dhamana. Mimi si wakili. Ninayoyaandika nimeyaokota kwenye mabenchi ya mahakama, kwenye foleni ya lango la gereza na kwa wasaidizi wa kisheria wawili waliotuonea huruma, kisha nikayahakiki katika sheria zenyewe, kwa sababu foleni ya gereza ina wanasheria wengi kuliko mahakama na wengi wao hukosea. Maelezo haya yanahusu Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake, na kule hata gereza huitwa Chuo cha Mafunzo na waliomo huitwa wanafunzi, kwa hiyo mwenye ndugu Kilimani aulizie huko huko.

Naanza na daftari. Asubuhi ya pili baada ya tukio, mama yetu alinunua kaunta buku, akaandika jina la kituo cha polisi, siku, na saa ambayo mwanawe alichukuliwa nyumbani: Alhamisi, saa mbili na dakika kumi usiku. Sisi watoto tuliona anajisumbua. Baadaye tulielewa kwamba karibu kila swali tulilokwenda kuuliza ofisi yoyote lilirudi kwetu kama swali jingine: namba ya jalada ni ipi, shauri ni namba ngapi, lilitajwa lini mara ya mwisho, mbele ya hakimu gani. Familia isiyo na majibu hayo hurudishwa nyumbani, na siku inayorudishwa nyumbani ni siku ambayo mtu wao anaendelea kulala sakafuni.

Amekamatwa, na hatujui yuko kituo gani. Tufanye nini?

Anzeni na kituo kilicho karibu na mahali alipokamatiwa, kisha kituo kikuu cha wilaya ya kipolisi. Mkiambiwa hayupo, msiondoke kabla ya kuomba waangalie tena kwa majina yake yote, likiwemo la babu, na kwa namna tofauti za kuyaandika, maana jina likikosewa herufi moja kitabuni mtu huwa "hayupo" hata kama mnamsikia akikohoa nyuma ya kaunta. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inampa aliye chini ya ulinzi haki ya kuomba awasiliane na wakili, ndugu au rafiki. Polisi wanaweza kuzuia mawasiliano hayo pale tu wanapokuwa na sababu ya kuamini kwamba yatawawezesha washirika wake kutoroka au yatapoteza ushahidi.

Sasa nieleze kwa nini saa aliyoiandika mama ina uzito. Sheria hiyo hiyo inawapa polisi saa nne za kumhoji mtuhumiwa tangu anapowekwa chini ya ulinzi, bila kuhesabu muda unaotumika kumsafirisha hadi kituoni na mambo mengine machache, na muda huo unaweza kuongezwa kwa saa zisizozidi nane kwa utaratibu uliowekwa. Maelezo ya onyo, yaani yale anayoyatoa mtuhumiwa polisi baada ya kuonywa kuhusu haki zake, yakichukuliwa nje ya muda huo bila kibali yanaweza kupingwa mahakamani, na Mahakama ya Rufani imekwisha kuyaondoa maelezo ya namna hiyo kwenye kumbukumbu katika mashauri kadhaa. Wakili hawezi kuijenga hoja hiyo ikiwa kila mwanafamilia anakumbuka saa yake mwenyewe. Ninyi mliokuwepo ndio mashahidi wa saa ya kukamatwa.

Vivyo hivyo polisi wanapopekua nyumba. Wakichukua kitu, wanatakiwa kutoa hati inayoorodhesha vilivyochukuliwa, ikiwa na saini ya mwenye nyumba au aliyekuwepo na ya mashahidi. Someni kabla ya kusaini. Kwetu iliandikwa "simu mbili" wakati zilizochukuliwa zilikuwa tatu. Mke wa mdogo wangu alikataa kusaini mpaka ikarekebishwa, kwa sauti ya upole kabisa, huku amembeba mtoto.

Si lazima afikishwe mahakamani ndani ya saa ishirini na nne?

Mtu aliyekamatwa bila hati ya kukamata anatakiwa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, au mapema iwezekanavyo pale ambapo saa hizo hazitoshi, na kwa makosa yasiyo mazito mkuu wa kituo anaweza kumwachia kwa dhamana ya polisi. Dhamana hiyo hailipiwi. Mdhamini husaini ahadi, halipi shilingi. Mtu akikuomba "ya karatasi" au "ya mafuta ya gari", huyo anaomba rushwa, na namba ya TAKUKURU ni 113, hupigwa bila malipo. Najua wapo watakaosema kwamba ukipiga namba hiyo ndugu yako ndiye atakayeumia. Hofu hiyo siidharau, kwa kuwa hata sisi tulikuwa nayo, lakini mwanamke mmoja tuliyekuwa naye foleni alitoa mara tatu kwa watu watatu tofauti, na kosa la mumewe lilikuwa miongoni mwa yale ambayo dhamana yake hakuna askari anayeweza kuitoa.

Hapo ndipo penye swali la msingi ambalo familia inapaswa kuuliza kabla ya kutafuta hata senti moja: kosa lina dhamana au halina? Mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, ugaidi, utakatishaji fedha na usafirishaji wa binadamu ni miongoni mwa makosa yasiyo na dhamana. Kwa mashtaka hayo, wadhamini hata wakiwa kumi na hati za ghorofa mkononi hawatasaidia, na nguvu za familia zielekezwe kwa wakili.

Dhamana imetolewa, lakini masharti hatuyawezi.

Hili ndilo lililotukalisha miezi saba. Hakimu alitamka kwamba dhamana iko wazi, sisi tukapiga vigelegele vya moyoni, kisha akataja masharti: wadhamini wawili, mmoja wao mtumishi wa serikali, na hati ya mali isiyohamishika. Nyumba yetu iko kwenye kiwanja ambacho hakijapimwa, na karatasi tuliyo nayo ni ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa. Tulizunguka kwa ndugu wenye hati. Sitawalaumu waliokataa, kwa sababu mdhamini hubeba mzigo wa kweli: mshtakiwa akitoroka, mdhamini anaweza kuamriwa alipe kiasi kilichoandikwa kwenye bondi, ile ahadi aliyoisaini.

Tulichokuwa hatujui ni kwamba masharti ya dhamana yanaweza kuombewa nafuu. Unaweza kumwomba hakimu yule yule ayalegeze, na akikataa, unaweza kupeleka maombi Mahakama Kuu, ambayo ina mamlaka ya kuyapunguza. Msaidizi wa kisheria alituambia hivyo mwezi wa sita tangu akamatwe, tukiwa tumekaa kwenye ngazi za mahakama tunakula mihogo, kwa namna ya mtu anayedhani jambo hilo linajulikana kwa kila mmoja. Maombi yaliandikwa, hakimu akakubali wadhamini wawili wenye barua za utambulisho kutoka serikali za mitaa, vitambulisho vya NIDA na bondi ya maandishi, bila hati ya nyumba. Miezi mitano na nusu ya mdogo wangu ilipotea kwa swali ambalo hatukuliuliza.

Kwa mashauri ya mali au fedha za thamani kubwa kuna kikwazo cha ziada: sheria inaweza kumtaka mshtakiwa aweke mahakamani fedha au mali yenye thamani ya nusu ya kinachodaiwa. Hapo msitegemee maelezo ya mtu yeyote isipokuwa wakili.

Kila tukienda tunaambiwa "upelelezi haujakamilika". Kesi inaanza lini?

Kutajwa na kusikilizwa ni mambo mawili. Shauri linapotajwa, mshtakiwa huletwa, jina linasomwa, upande wa mashtaka unaeleza hali ya upelelezi, na tarehe nyingine inapangwa, kwa kawaida ndani ya wiki mbili mtu akiwa mahabusu. Huchukua dakika tatu. Familia nyingi hukopa nauli kutoka mkoani kwa ajili ya dakika hizo tatu, na zikirudia mara nne huacha kuja kabisa, hata siku ya ushahidi. Ulizeni karani kama tarehe ijayo ni ya kutajwa au ya kusikilizwa, kisha mgawane: mmoja aliye karibu ahudhurie ya kutajwa na kuandika kilichosemwa, wengine watunze nauli.

Kwa mauaji na makosa mengine ambayo Mahakama Kuu ndiyo yenye mamlaka nayo, hakimu wa chini hata hamruhusu mshtakiwa kujibu shtaka. Hiyo si dharau. Mahakama ile haina mamlaka ya kusikiliza, inasubiri upelelezi ukamilike ndipo shauri lihamishiwe juu.

Tarehe moja jina la mdogo wangu halikuwemo kwenye orodha ya siku. Karani alisema pengine shauri limefutwa, na kwa dakika chache tulikuwa watu wenye furaha kuliko wote pale uwanjani. Mama alifungua kaunta buku, akasoma namba ya shauri na tarehe kama alivyoisikia kwa masikio yake, karani akarudi kabatini. Jalada lilikuwa kwenye rundo la hakimu mwingine. Mdogo wangu alikuwa ameketi chini ndani ya mahabusu ya mahakama tangu karandinga lilipowashusha asubuhi, na kama tungeondoka angerudishwa gerezani bila tarehe mpya.

Tunaruhusiwa kumpelekea nini?

Mahabusu na mfungwa si kitu kimoja. Mahabusu hajahukumiwa: huvaa nguo zake, na Sheria ya Magereza inaruhusu apokee chakula na mavazi kutoka kwa familia kwa masharti ya gereza. Mfungwa huvaa sare ya rangi ya machungwa, hula chakula cha gereza na hupangiwa kazi. Siku na saa za kutembelea hutofautiana kati ya gereza na gereza, hivyo ulizeni langoni badala ya kufuata siku za Segerea ilhali mtu wenu yuko Keko au Ukonga.

Nieleze ilivyo langoni kwa wale ambao hawajafika. Unaacha simu. Unaandikishwa kwa kitambulisho. Chakula ulichobeba unakionja wewe mwenyewe mbele ya askari, kijiko cha kila chombo, hata kama ni saa nne asubuhi na huna hamu ya samaki. Mche wa sabuni hukatwa vipande kwa kisu kuona kama una kitu ndani. Fedha hazikabidhiwi kwa mtu wako mkononi, huandikwa kwa jina lake, na ni vizuri nawe uandike tarehe na kiasi. Kisha unaongea naye mkiwa mmesimama, katikati ya watu wengine wanaoongea kwa sauti, na muda unaisha wakati ndiyo kwanza mmemaliza salamu. Pangeni nyumbani ni mambo gani matatu mtamwambia. Sisi mara ya kwanza tulilia mpaka kengele ikalia.

Dawa ni jambo la haraka kuliko chakula. Mwenye kisukari, kifafa, presha, TB au anayetumia ARV, familia ipeleke kadi ya kliniki, au kadi ya CTC, pamoja na barua ya daktari ikiwezekana, iombe kuonana na mhusika wa zahanati ya gereza, na isikae ikingoja siku ya kutembelea.

Na mkipigiwa simu usiku na mtu anayejiita daktari wa gereza, akisema mtu wenu amezidiwa na mtume fedha kwenye namba fulani, msitume. Nendeni langoni asubuhi.

Hatuna fedha za wakili.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua rasmi wasaidizi wa kisheria na kuyataka magereza na vituo vya polisi vitoe nafasi kwa huduma hiyo. Kwa Dar es Salaam na mikoani wapo TAWLA (chama cha wanasheria wanawake), Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, na Chama cha Mawakili Tanganyika, na tangu 2023 kuna kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia inayozunguka mikoani. Kwa mashauri ya mauaji mahakama humpangia mshtakiwa asiye na uwezo wakili kwa gharama ya serikali.

Jihadharini na vishoka, yaani mawakili bandia. Hawa huvaa suti nyeusi, husimama karibu na geti la mahakama, na huwa wanamfahamu hakimu, karani na shemeji wa karani. Jina la wakili halali linaweza kuhakikiwa kupitia mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, na ukimwomba jina lake kamili ili ulihakiki, kishoka hupata simu ya ghafla.

Nyongeza, baada ya maswali yenu

Nimerudi. Maswali ni mengi, nitajibu yale ninayoyafahamu.

Dada uliyeuliza kuhusu mwanao wa miaka kumi na sita: peleka cheti cha kuzaliwa leo, au kadi ya kliniki kama cheti hakipo. Chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yeye ni mtoto, shauri lake husikilizwa na mahakama ya watoto, na mahali pake ni mahabusu ya watoto, kama ile ya Upanga, wala si kuchanganywa na watu wazima. Watoto wengi huandikwa miaka kumi na minane kwa sababu waliulizwa umri wakiwa na hofu wakataja wowote. Afisa ustawi wa jamii wa wilaya anapaswa kujua habari zake, nenda kwake pia.

Kaka ambaye baba yake amehukumiwa jana: muda umekwisha kuanza kuhesabiwa. Kwa hukumu ya mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi, kusudio la kukata rufaa kwenda Mahakama Kuu hutolewa ndani ya siku kumi, na rufaa yenyewe ndani ya siku arobaini na tano, bila kuhesabu muda wa kusubiri nakala ya mwenendo na hukumu. Huhitaji kuwa na wakili ili kuanza. Mfungwa anaweza kutoa kusudio lake kupitia Mkuu wa Gereza, naye hulipeleka mahakamani. Mwambie baba alitoe wiki hii, mengine yatafuata.

Waliouliza kuhusu kupunguziwa kifungo wamechanganya mambo matatu. La kwanza ni theluthi moja inayopunguzwa kwa mwenendo mzuri: aliyefungwa miaka mitatu, asipoharibu, hutumikia takribani miwili. La pili ni parole, yaani kuachiwa kwa masharti kabla ya kumaliza kifungo, inayohusu vifungo virefu vya kuanzia miaka minne, kwa aliyekwisha kutumikia theluthi ya adhabu, na inawaacha nje wa kifungo cha maisha na wa baadhi ya makosa kama unyang'anyi wa kutumia silaha. La tatu ni msamaha wa Rais chini ya Ibara ya 45 ya Katiba, ambao hutangazwa zaidi katika sikukuu za taifa. Tarehe 9 Desemba 2019, kwa mfano, Rais Magufuli aliwasamehe wafungwa 5,533. Hakuna fomu ya kununua ili jina liingie kwenye orodha hiyo, na anayewauzia anawaibia. Kuna pia huduma kwa jamii, kwa adhabu isiyozidi miaka mitatu, ambapo mtu hutumikia nje akifanya kazi za umma, na hilo linafaa kuombwa mapema, wakati wa shufaa, yaani maombi ya kupunguziwa adhabu, kabla hakimu hajatamka adhabu. Muda aliokaa mahabusu utajwe hapo hapo.

Aliyeuliza kama amwambie mtoto wa miaka saba kwamba baba amesafiri: sisi tulisema hivyo. Mtoto aliambiwa ukweli na mwenzake shuleni, akawa anauliza kila mtu mzima swali lile lile ili alinganishe majibu. Baadaye mama yake alimwambia kwamba baba anatuhumiwa kuchukua vitu kazini, hakimu bado hajaamua, na tunampelekea chakula. Akauliza kama anakula wali. Hakurudia tena kuuliza safari.

La mwisho ni la anayetarajia dhamana ya mdogo wake kesho. Baada ya wadhamini kusaini, mahakama huandika hati ya kumwachia, na hati hiyo lazima ifike gerezani kabla ya mahabusu kuhesabiwa na kufungiwa. Yetu ilisainiwa saa tisa alasiri, foleni ya magari ilikuwa kama mnavyoijua, tukafika saa kumi na moja na robo. Askari wa lango aliisoma, akasema iko sawa, turudi kesho. Kwa hiyo nendeni na wadhamini mapema, mkiwa na picha zao na nakala za vitambulisho, ili msipoteze saa mbili kutafuta mahali pa kutoa nakala. Mbebe pia ndala. Mdogo wangu alitoka asubuhi saa tatu akiwa peku, kwa sababu viatu vyake alimwachia mwenzake aliyekuwa na tarehe ya mahakama Jumatatu.